Msindano hauna maua: jua hili kabla ya kununua mizinga au kuokota mbegu

Wiki hii kijana mmoja wa huku kwetu Njombe alinipigia simu: "Bwana shamba, nataka kukopa ninunue mizinga 30 niweke kwenye misindano yangu. Nyuki watachavusha, nipate mbegu na asali." Nikamwambia, mdogo wangu, subiri kwanza.

Jamani, msindano (wengine tunaita paina) hautoi ua hata moja. Hakuna ua, hakuna nekta, na bila nekta asali itoke wapi? Kazi ya kuchavusha inafanywa na upepo. Koni dume zinamwaga chavua, ule unga wa njano unaotapakaa shambani, upepo unaupeleka kwenye koni jike. Mbegu inakaa juu ya gamba la koni, haifunikwi na tunda kama parachichi.

Utaratibu huu ni wa kale kuliko maua yenyewe. Mimea ya mbegu isiyo na maua ilikuwepo zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Mabaki ya wazi ya mimea yenye maua ni ya miaka kama milioni 130 tu. Hata makaa ya mawe ya Mchuchuma, kule Ludewa, yametokana na mimea ya enzi hizo za kabla ya maua, ukiwemo mti uitwao Glosopterisi uliokwisha kutoweka. Iliyobaki hai mpaka leo ni kama msindano, mtarakwa na podo.

Sasa kwako mkulima wa biashara:

1. Upepo hauchagui. Kama jirani ana misindano iliyopinda, chavua yake inafika kwako. Okota koni katikati ya shamba kubwa lenye miti iliyonyooka, au nunua mbegu zilizothibitishwa. Ukikosea, utagundua baada ya miaka kadhaa, hela imeshazama.

2. Usiwe na haraka. Tangu kuchavushwa hadi mbegu kukomaa ni miaka miwili hivi au zaidi. Koni ya kijani iache. Ikiwa ya kahawia, vuna, anika juani ifunguke, kisha kung'uta.

3. Mizinga peleka kwenye milingoti au miti ya asili inayochanua.

Yule kijana amepunguza mkopo. Ataanza na mizinga mitano, kwenye milingoti ya baba yake mdogo. Na wewe, mbegu zako ulizitoa wapi?