Sinki Jeusi Moja Linatosha

Wateja wangu wengi hununua sinki kabla hawajajua chumba chenyewe kitakuwaje. Wameliona Kariakoo, jeusi, la duara, la kukalishwa juu ya kaunta. Wakalipenda, wakalilipia, likapakiwa kwenye basi la Moshi. Kisha napigiwa simu: dada, sinki tumeshapata, sasa tutengenezee bafu. Wenyewe wako Dar au Dodoma. Nyumba iko kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Mwika au Machame, na lazima iishe kabla ya Krismasi, ukoo mzima unapopanda nyumbani. Fundi mzuri wa marumaru humpati kirahisi Moshi kuanzia Oktoba, kwa hiyo simu ya namna hiyo ikija Novemba huwa naguna kwanza ndipo nijibu.

Sina ugomvi na rangi nyeusi. Ugomvi wangu ni kuizidisha. Mtu ana sinki jeusi, basi anataka na bomba jeusi, marumaru nyeusi, fremu nyeusi za alumini, mpaka bafu linakuwa stoo ya mkaa. Chombo cheusi kinapendeza pale kilipo peke yake, na kila kitu kingine chumbani kimekubali kukaa nyuma yake.

Wala si fasheni ya jana. Kampuni ya Kohler ya Marekani ilianza kuuza vyombo vya bafuni vya rangi mwaka 1927, na mwaka 1929 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, likaonyesha bafu lenye vyombo vyeusi. Huku kwetu nyeusi iko karibu zaidi ya hapo. Mlima wetu, Kilimanjaro, ni volkano tatu, Shira, Mawenzi na Kibo, na lava yao iliyopoa ndiyo mawe tunayojengea misingi. Nikipata mteja msikivu, nyuma ya sinki namwekea ukanda mwembamba wa jiwe hilo lililokatwa bapa, kijivu cha kukoza, kisha ukuta uliobaki napiga marumaru za rangi ya krimu, zisizong'aa sana. Za viwanda vya Mkuranga na Chalinze zinatosha kabisa. Hakuna haja ya kuagiza Italia. Jiwe lenyewe lina vitundu na hunywa maji ya sabuni, kwa hiyo lipakwe dawa ya kuziba kabla bafu halijaanza kutumika.

Lakini kabla ya ukuta kuna mwanga, na hapa ndipo mabafu mengi ya mlimani yanapoharibikia. Nyeusi hailipi mwanga inaokula. Kwa sababu ya baridi na ya kutaka faragha, watu huku huweka kidirisha cha bafu kidogo mno. Isitoshe, sisi wa upande wa kusini wa mlima tunataka kila dirisha litazame Kibo, yaani kaskazini. Jua hupita upande huo kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba tu, na ndani ya miezi hiyo, Juni na Julai, mawingu huweza kuukalia mlima kutwa nzima. Desemba, wageni wakiwa wamejaa, jua limeshahamia kusini. Kwa hiyo mimi huomba dirisha la pili, jembamba, juu karibu na dari, upande wa mashariki. Watu huoga asubuhi. Mwanga uje asubuhi.

Usiku kuna balbu. Madukani zimejaa zile nyeupe za kelvini 6,500. Namba imeandikwa kwenye boksi. Chini ya balbu hizo sinki jeusi huwa na ubuluu, na anayejitazama kiooni huonekana kama mgonjwa. Chukua za kelvini 3,000, uzifunge mbili, moja kila upande wa kioo, usawa wa uso. Taa moja ya darini humpa mtu kivuli chini ya macho na kuliacha sinki gizani.

Sakafu nayo ina adui wake, udongo wetu mwekundu. Wakati wa masika kila mguu unaoingia umeubeba. Sakafu nyeupe itauonyesha, na nyeusi itaonyesha vumbi lake likikauka. Ya kijivu yenye madoadoa huficha yote mawili; iwe ya kukwaruza kidogo, mtu asiteleze. Grauti pia iwe kijivu. Nyeusi hupaushwa na sabuni ikabaki na mabaka.

Usafi wa sinki lenyewe si kazi kubwa, ila unataka mazoea. Maji yakikauka huacha utando mweupe wa madini ambao kwenye sinki jeupe usingeuona. Siki iliyochanganywa na maji, au ndimu, huuyeyusha kwa dakika chache, kisha unasuuza. Kama kaunta ni ya terazo, siki isiiguse, kwa maana asidi hula saruji na vipande vya mawe ya chokaa vilivyomo. Stilwaya na mchanga ni marufuku. Na kama bado hujanunua, chukua linalong'aa: lisilong'aa linapendeza kwenye picha, lakini huonyesha mafuta ya kila kidole.

Choo chenyewe nasisitiza kiwe cheupe, hata kama sinki la kunawia ni jeusi tii. Rangi ya mkojo ni habari: ukikoza, mara nyingi mtu hanywi maji ya kutosha, ukiwa na damu, ni safari ya hospitali. Kwenye bakuli jeusi habari hiyo huipati. Mama wa mteja mmoja, huko Kibosho, alikuwa na swali rahisi zaidi: atajuaje kama pamesafishwa?

Kwa wazee, nyeusi ina faida moja ambayo wauzaji hawaisemi. Macho hafifu huona kwa tofauti ya rangi. Sinki jeupe, kaunta nyeupe, ukuta mweupe, vyote humezana; jeusi mbele ya krimu linaonekana mara moja. Wanaobuni nyumba za watu wenye ugonjwa wa kusahau hutumia mbinu hiyohiyo kwa kuweka kifuniko na kiti cha rangi ya kukoza juu ya choo cheupe. Hao hao huonya kuhusu zulia jeusi sakafuni: mgonjwa anaweza kuliona ni shimo, akagoma kuingia.

Mmea? Unaovumilia kivuli na unyevu ni drasena, na drasena kwa Wachaga ni isale. Hapo nakataa. Isale ni jani la kuombea msamaha, na ndilo linaloshika mipaka ya kihamba. Meku, yaani mzee wa nyumba, akilikuta kando ya choo, hutakuwa na neno la kujitetea. Weka kangaga la kando ya mfereji.

Jambo ambalo hakuna picha ya bafu la kisasa inayolionyesha ni ndoo. Maji yatakatika siku moja, au hita itagoma, na ndoo itaingia na kopo lake. Iachie nafasi kabisa kwenye ramani, sentimita 40 kwa 40, nyuma ya mlango, na ununue ya kijivu wewe mwenyewe. Usiponunua, mama ataleta ya waridi kutoka soko la Mbuyuni, na hakuna mtu wa kumwambia airudishe.