Kabla ya kununua NAS mpya, kwangua waya wako kwa kisu

Video ya harusi moja, ikiwa imepigwa kwa kamera mbili, hufika gigabaiti 60 bila taabu. Kuitoa kwenye kompyuta na kuiweka kwenye NAS, lile sanduku la diski linalokaa kando ya ruta na kuhudumia nyumba au studio nzima, kunaweza kuchukua dakika 10. Kunaweza pia kuchukua saa moja na nusu, au saa tatu na ushei. Sanduku ni lile lile na diski ni zile zile. Kinachotofautiana ni njia. Na hapo ndipo wengi wanapotupa pesa, kwa kubadilisha sanduku ilhali ubovu uko njiani.

Kwa mkaazi wa Likasi kosa hilo ni ghali. Vifaa vingi vya kompyuta vinatufikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa na Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa, na kila mkono uliovishika umeongeza chake. Bei ninazozitaja ni za maduka ya mtandaoni ya nje, kwa dola, maana hata kwetu vitu vya aina hii huulizwa kwa dola. Juu yake weka usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Lakini uwiano haubadiliki: kilicho rahisi kule ndicho kilicho rahisi hapa.

Tuanze na hesabu. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Mtandao wa waya wa megabiti 100 hupitisha megabaiti 11 au 12 kwa sekunde. Hapo harusi yetu ya gigabaiti 60 inakula saa moja na nusu. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha megabaiti 110 hivi, na kazi inaisha kwa dakika 10. Diski ya kawaida inayozunguka, ikiwa nzima, husoma faili kubwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde au zaidi. Kwa hiyo katika nyumba nyingi diski si kikwazo hata kidogo. Ukinakili faili moja kubwa, ukaona kasi imekwama kwenye 11 au 12, haipandi wala haishuki, jibu umeshapewa: kuna mahali mtandao wako unakwenda kwa megabiti 100. Fungua dirisha la hali ya mtandao kwenye Windows: kama mahali hapo ni upande wa kompyuta yako, litakuonyesha namba hiyo bila kuficha.

Mkosaji anaweza kuwa swichi ya zamani au ruta ya bei poa yenye matundu ya megabiti 100. Swichi ya gigabiti yenye matundu matano huuzwa dola 10 hadi 20, na hiyo ndiyo dawa yenye faida kubwa kuliko zote kwenye makala haya. Lakini anaweza pia kuwa waya, na habari ya waya inauma zaidi kwa mtu wa mji huu.

Kiwanda cha Shituru hapa Likasi kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, enzi za kampuni ya Union Minière. Malori ya shaba kutoka Kolwezi yanapita mjini kwetu mchana na usiku kwenda mpakani. Halafu ingia dukani uombe waya wa mtandao, unaweza kupewa aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwenye boksi au kwenye ganda la waya huandikwa CCA, kwa herufi ndogo, au hakuandikwi kitu. Aluminiamu hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya uwezo wa shaba, na hukatika upesi pale inapobanwa kwenye kichwa cha plastiki. Viwango vya kimataifa vya waya za mtandao vinataka shaba tupu. Waya wa CCA wa mita mbili unaweza kufanya kazi miaka bila mtu kujua. Ule wa mita 30 unaopanda darini na kushuka chumba cha nyuma ndio unaoleta balaa. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Ukikatika mmoja, mara nyingi vifaa vinashuka kimyakimya hadi megabiti 100, na hakuna taa nyekundu ya kukuonya.

Kupima ni rahisi. Chukua kipande, vua ganda, kwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitokeza mweupe, umeuziwa jina. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu haivuti shaba wala aluminiamu. Waya wa Cat 5e wa shaba halisi unatosha kabisa kwa gigabiti hadi mita 100, kwa hiyo usikubali kulipia Cat 7 au Cat 8 kwa ajili ya nyumba ya vyumba vitatu. Afadhali Cat 5e ya kweli kuliko Cat 7 ya kwenye ganda.

Wi-Fi nayo ina kesi yake. Kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, ndani ya nyumba zetu za zamani zenye kuta nene za matofali, megabaiti 5 kwa sekunde ni bahati nzuri. Hapo harusi ile inafika saa tatu na dakika 20. Kwenye 5 GHz, ukiwa chumba kimoja na ruta, unaweza kupata 30 hadi 50, lakini ukuta wa pili unakunyang'anya sehemu kubwa. Kuhamisha ruta hakugharimu franka hata moja, basi anza hapo. Ila anayehariri video aache Wi-Fi kwa simu na aketi kwenye waya.

Kuna jambo moja linalochanganya watu wengi, nalo linamaliza pesa kila mwezi: kuongeza kifurushi cha intaneti ili NAS iende haraka. Safari kutoka kompyuta yako hadi sanduku lililo chumba cha pili haipiti kwenye intaneti. Vodacom, Airtel na Orange hawamo. Hata Starlink, iliyopewa leseni na mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, mwaka 2025, haitaongeza kitu kwenye safari hiyo. Kama huamini, chomoa modemu unakili faili tena.

Sasa umeme. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako kwenye mto Lufira, majirani zetu kabisa, na ujirani huo haujatuondolea delestaji, yaani mgao wa umeme. Watu wanajua kuwa umeme ukikatika ghafla diski inaweza kuharibika. Wasichojua ni kwamba hata isipoharibika, sanduku linaweza kuwa zito kwa saa nyingi baadaye. NAS yenye diski mbili zinazobeba nakala ya kitu kimoja, ikizimika bila kuaga, ikiwaka mara nyingi huanza kulinganisha diski hizo mbili kuhakikisha zinafanana. Diski ya terabaiti 4 kuisoma yote kwa megabaiti 120 kwa sekunde ni zaidi ya saa tisa. Katika muda huo wewe unaomba picha, lenyewe linahangaika na ukaguzi. Umeme ukikatika mara mbili kwa siku, ukaguzi hauishi kamwe, na mwenye studio atakwambia "NAS yangu imezeeka". Haijazeeka. Fungua ukurasa wake wa usimamizi, tazama sehemu ya hifadhi: ukikuta neno la ukaguzi au usawazishaji pamoja na asilimia inayopanda polepole, umempata mkosaji.

Dawa ni onduleri, ile yenye betri ndani. Ya VA 650 huanzia dola 60 hivi. NAS ndogo na ruta hutumia wati 25 kwa pamoja, kwa hiyo betri itazibeba nusu saa au zaidi, lakini faida kuu si muda huo. Nunua yenye tundu la USB, uiunganishe na NAS, uwashe huduma yake kwenye mipangilio. Masanduku ya Synology na QNAP yote yanayo. Umeme ukienda, onduleri inaliambia sanduku lifunge kazi na kuzima kwa adabu. Stabilaiza peke yake haitoshi: inanyoosha umeme unaoyumba, haina akiba ya umeme uliokwisha. Betri ya ndani huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, uiweke kwenye bajeti.

Diski tunazifikia mwisho, ingawa wauzaji hupenda kuanzia hapo. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba diski zake za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, baadhi zilitumia mtindo uitwao SMR, ambapo njia za sumaku zinapandana kama mabati ya paa. Kusoma hakuna shida, lakini kuandika upya kunalazimu kugusa mabati ya jirani, na kujenga upya diski iliyokufa kunaweza kuchukua siku kadhaa. Baadaye kampuni ikatenga zisizopandana kwa jina WD Red Plus. Ukiwa dukani, basi, neno "Plus" lina thamani ya pesa. Seagate IronWolf hazina mtindo huo. Barracuda nyingi za kompyuta za kawaida zinao. Diski ya NAS ya terabaiti 4 huuzwa dola 90 hadi 120 na zaidi, kutegemea msimu.

Jihadhari pia na "mpya" isiyo mpya. Mwanzoni mwa 2025 tovuti ya heise ya Ujerumani ilifichua diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa, saa zake zikafutwa, kisha zikauzwa madukani kama mpya. Ikiwa hayo yanatokea Ujerumani, sisi tufumbe macho? Mwombe muuzaji aichomeke mbele yako na kukuonyesha ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski huitunza yenyewe. Aliyefuta saa huenda ripoti hiyo isimnase, lakini asiyefuta itamnasa: mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo ni saa 8,760. Tazama pia mistari ya sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri. Namba hapo ikiwa juu ya sifuri na inapanda, diski inakufa, na ucheleweshaji wako unatoka humo. Katika hali hiyo usijaribu kitu kingine kabla ya kunakili data zako.

SSD ndani ya NAS? Kwa mtandao wa gigabiti moja, kwa mafaili makubwa, ni pesa ya bure. SSD inaweza megabaiti 500, mlango ni wa 110. Inasaidia pale tu penye mafaili madogo maelfu kwa maelfu, na hata hapo kuna njia isiyo na gharama: zifunge picha elfu kumi kuwa faili moja la zip, ndipo uzihamishe.

Kama baada ya haya yote sanduku bado ni zito, linganisha njia nne. NAS mpya ya diski mbili ya kuanzia, mfano Synology DS223j ya 2023, ilitoka kwa dola 190 hivi ikiwa tupu. Ongeza diski mbili, uko dola 400. Inatumia wati 16, sawa na yuniti 11 au 12 za umeme kwa mwezi. Kompyuta ya mezani iliyotumika, ikiwekewa programu ya bure kama OpenMediaVault au TrueNAS, inaweza kuwa na nguvu zaidi kwa bei ndogo, lakini ikila wati 80 mfululizo ni yuniti 57 kwa mwezi. Kwa mwenye betri na sola tofauti hiyo haivumiliki: betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ukitumia nusu yake tu, itabeba NAS ile zaidi ya siku nzima, na kompyuta saa sita hadi saba.

Njia ya tatu ni kuachana na mtandao. Diski ya nje ya USB 3 ya terabaiti 2, dola 70 hadi 80, ikichomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta inazidi megabaiti 100 kwa sekunde. Anayefanya kazi peke yake mezani pake hana haja ya NAS. Asiichomeke tu kwenye ruta dhaifu akitarajia kasi hiyo hiyo. Ya nne ni wingu. Google inauza terabaiti 2 kwa dola 9.99 kwa mwezi, yaani karibu dola 120 kwa mwaka. Bei si mbaya, ila kupandisha terabaiti moja kwa kasi ya megabiti 5 ni siku 18 bila kupumzika, na vifurushi vya data sijavihesabu. Wingu liwe la picha za watoto na nyaraka, harusi zibaki nyumbani.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye dola 20 anunue swichi ya gigabiti na waya wa shaba. Mwenye dola 100 aongeze onduleri yenye USB, kabla hajafikiria diski. Mwenye ripoti ya SMART mbaya anunue diski ya NAS isiyo SMR, na asisubiri mwisho wa mwezi. Dola 400 za sanduku jipya nazishauri kwa mtu mmoja tu: yule ambaye mtandao wake umeshapima gigabiti, diski zake ni nzima, umeme wake umelindwa, na bado kumbukumbu ya sanduku lake la megabaiti 512 inajaa kila watu watatu wanapoingia pamoja. Wengine wote, fundi akikwambia NAS imezeeka, mwambie akuonyeshe kwanza namba ya kasi ya mtandao.