Zinki, Mrututu na Dawa katika Chakula cha Nguruwe Wachanga

Kila mhudumu wa afya anayemtibu mtoto anayeharisha anaijua zinki: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa aliyevuka umri huo, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Wafugaji wa nguruwe nao wanaijua, ila kwa vipimo vya namna nyingine kabisa.

Mtoto wa nguruwe akiachwa na mama yake hunyonya kwa miezi kadhaa, huku akizoea vyakula vingine polepole. Katika mabanda ya kibiashara ya Ulaya huachishwa ziwa akiwa na wiki 4 hivi. Tumbo lake bado halina asidi ya kutosha, vinyweleo vya utumbo wake hufupika, na bakteria wa jamii ya E. coli hupata mwanya. Kuhara huanza baada ya siku chache, na wengine hufa. Kwa miaka mingi kinga yake ilikuwa oksidi ya zinki, iliyotiwa katika chakula hadi kufikia miligramu 2,500 za zinki kwa kila kilo, kwa wiki 2. Nguruwe wa kilo 7 akila gramu 200 kwa siku humeza miligramu 500. Mtoto wa binadamu mwenye uzito huohuo hupewa 20. Kuhara hupungua kweli, na uzito huongezeka. Si haki, basi, kumwona mfugaji aliyeitumia kuwa mjinga.

Lakini sehemu kubwa ya zinki hiyo haifyonzwi na mwili. Hutoka na kinyesi, ikaingia katika samadi na hatimaye shambani, na madini hayaozi. Lililo zito zaidi kwetu sisi wa hospitalini ni hili: baadhi ya bakteria wa Staphylococcus aureus wanaoishi kwa nguruwe wana jeni ya kuistahimili zinki, nayo imekaa katika kipande kimoja cha DNA pamoja na jeni ya usugu dhidi ya methisilini. Zinki inapowaangamiza walio dhaifu, hubaki wenye jeni zote mbili. Hivyo madini ambayo si antibiotiki hulea usugu dhidi ya antibiotiki. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, uliotumika kukuza nguruwe nchini Denmark, ulihusishwa na jambo kama hilo kwa bakteria wa Enterococcus.

Umoja wa Ulaya ulikomesha antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, na zinki ya kiwango cha tiba mwezi Juni 2022.

Kolistini ina kisa chake. Madaktari huitunza kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine, ilhali China iliitia katika chakula cha nguruwe. Mwaka 2015 watafiti wa huko walitangaza jeni ya mcr-1, inayohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, wakiwa wameikuta kwa nguruwe, katika nyama na kwa wagonjwa. Nchi hiyo ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017, na jeni hiyo ikapungua kwa nguruwe na kwa watu pia.

Kwa hiyo mgonjwa mwenye jipu au kidonda kisichosikia dawa aulizwe kama anafuga nguruwe au anafanya kazi machinjioni. Naye mgonjwa asingoje kuulizwa. Aeleze pia dawa zilizotiwa katika chakula cha mifugo yake, ikiwezekana aje na pakiti yenyewe.