Kupunguza Uzito kwa Mgonjwa wa Kisukari, na Hatari Inayomngoja Barabarani

Mtaa wa Kisugu umo katika Divisheni ya Makindye, jijini Kampala, kwenye mteremko wa kilima cha Muyenga ambacho wenyeji hukiita Tank Hill kwa sababu ya matangi ya maji yaliyojengwa kileleni. Mtu anayetoka kwenye reli ya Namuwongo akapanda kwa miguu hadi karibu na matangi hayo hupata mazoezi ya kutosha bila kulipa hata shilingi moja. Tumeutaja mtaa huu kwa sababu wako wasomaji wetu wa Busia, Malaba na Mutukula ambao hulala kwa jamaa zao sehemu hizo waendapo Kampala kwa biashara au matibabu. Isitoshe, yanayomhusu mgonjwa wa kisukari wa Kisugu yanamhusu vilevile dereva aliyekaa katika foleni ya malori mpakani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 1.4 ya watu wazima nchini Uganda walikuwa na kisukari. Idadi hiyo huonekana ndogo, lakini karibu nusu ya watu hao hawakujua kwamba ni wagonjwa. Walio wengi huwa na kisukari cha aina ya pili, ambapo mwili hutengeneza insulini lakini insulini hiyo haitoshi au haifanyi kazi yake ipasavyo. Mafuta yanaporundikana ndani ya ini, ini huachilia sukari kupita kiasi katika damu. Yanapofika katika kongosho, kazi ya kutoa insulini hudhoofika. Ndiyo maana kupunguza uzito ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ushahidi wake ni mzito. Nchini Marekani, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kuugua kisukari walifuatiliwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2002. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila wiki. Hatari ya kuugua ikapungua kwa asilimia 58. Kundi lililopewa metformini lilipata asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo, jambo ambalo si la ajabu. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba hata wale ambao tayari wana kisukari, ikiwa hawajazidi miaka sita tangu wagunduliwe, wanaweza kurudi katika kiwango cha kawaida cha sukari bila dawa: karibu nusu ya waliofuata mpango wa chakula kidogo walifika hapo katika mwaka mmoja.

Lakini katika utafiti huo wa Uingereza madaktari ndio waliowasimamisha wagonjwa vidonge vyao siku ya kwanza ya mpango, na wanaotumia insulini hawakuingizwa kabisa. Watu husimulia kilo zilizopungua na kusahau jambo hili, nalo ndilo lenye uzito kuliko mengine yote.

Hapa ndipo polisi wanapohusika. Dozi ya insulini au ya glibenklamidi hupangwa kulingana na mwili na mlo wa mgonjwa. Akianza kupanda kilima kila asubuhi, akapunguza posho na kuacha soda, dozi ileile iliyomfaa mwezi uliopita huwa kubwa mno, na sukari hushuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Mgonjwa hutokwa na jasho, hutetemeka, huona njaa kali, kisha maneno humchanganyika na miguu hupepesuka. Wengine huwa wakali bila sababu. Askari anayemsimamisha mtu wa namna hiyo usiku, kwenye ule msako wa madereva walevi ambao Kampala nzima huuita kawunyemu, anaweza kumdhania mlevi. Kipimo cha pumzi kikionyesha kwamba hakuna pombe, jambo la pili la kufikiria liwe kisukari. Akilazwa mahabusu ili ulevi umtoke, anaweza kufia humo.

Msaada wake ni mwepesi iwapo bado ana fahamu na anaweza kumeza: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiyo ya wenye kisukari. Angoje dakika 15. Asipopata nafuu arudie, halafu ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mganga kabla ya kuanza mazoezi ni hili: dawa ninazotumia zinaweza kunishusha sukari, na dozi ipunguzwe lini? Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana hatari ya upande wa pili nayo ni kubwa. Mazoezi huendelea kuvuta sukari kutoka katika damu saa nyingi baada ya kupumzika, na mtu aliyetembea jioni anaweza kushukiwa na sukari usingizini.

Kuhusu chakula, hatuoni haja ya kumtuma mtu dukani kutafuta vyakula vya kigeni. Nusu ya sahani iwe dodo, nakati, sukuma au kabichi. Robo iwe maharagwe, samaki au nyama isiyo na mafuta. Robo inayobaki ndiyo ya matoke, posho, muhogo au kalo. Tatizo la meza zetu ni kwamba robo hiyo hujaza sahani nzima, na mchuzi wa karanga humiminwa juu yake kana kwamba ni maji. Rolex ya barabarani, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, hubeba mafuta mengi kuliko inavyoonekana. Soda moja ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari.

Anayetembea avae viatu vilivyofunikwa na akague nyayo zake kila jioni, kwani kisukari huweza kutia miguu ganzi na kidonda kidogo huweza kukua bila maumivu. Dereva wa lori anaweza kuzunguka gari lake na kutembea kandokando ya maegesho nusu saa, siku tano kwa wiki.

Si kila mgonjwa anayepaswa kukonda. Utafiti uliofanywa na madaktari wa Uganda umeonyesha kwamba karibu theluthi ya watu wazima wanaogunduliwa na kisukari cha aina ya pili nchini si wanene. Mtu mwembamba akijinyima chakula kwa sababu jirani yake mnene alipona hivyo, atajidhuru.

Kwa wanaovuka mpaka, dawa ileile huweza kuuzwa kwa jina jingine upande wa pili. Linganisheni jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kampuni, msije mkameza dozi mbili mkidhani ni dawa mbili. Mgonjwa aweke pamoja na kitambulisho chake karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba ana kisukari, dawa anazotumia na nambari ya simu ya ndugu, na aweke peremende mfukoni mwa shati, mahali ambapo mkono unaotetemeka hufika upesi.