Kuinua Vyuma Vizito Kupita Nguvu

Siku hizi katika miji yetu, kama vile Goma, Bukavu na Bunia, vijana wengi wanapenda kuinua vyuma ili wapate nguvu na kifua kipana. Wengine wanakwenda katika nyumba za mazoezi na kulipa. Wengine wamejitengenezea vyuma vyao nyuma ya nyumba: fimbo ya chuma, na kila upande kopo lililojazwa simenti, ama chuma cha gurudumu la motokaa iliyokufa. Jambo hili si baya. Misuli inayofanya kazi inapata nguvu, mifupa nayo inakuwa migumu zaidi, na mwili unatumia vizuri sukari iliyo katika damu. Hata wazee wanapata faida. Hatuandiki habari hizi ili kumkataza mtu. Tunaandika kwa sababu ya wale wanaoletwa hospitalini wakishikwa mabegani na rafiki zao, maana hawawezi kusimama sawasawa.

Kijana mmoja aliletwa namna hiyo. Umri wake ulikuwa miaka 22. Tulimwuliza, "Uliinua kilo ngapi?" Hakujua. Makopo yake hayakupimwa hata siku moja. Rafiki zake walikuwa wakihesabu kwa sauti kubwa, naye hakutaka kushindwa mbele yao. Mara ya tatu mgongo wake ulijikunja kama upinde, akasikia kitu kama kukatika kiunoni, na maumivu yakashuka katika mguu wa kuume mpaka vidoleni.

Ni nini kilichotokea ndani ya mwili wake?

Mgongo si mfupa mmoja. Ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, 5 za kiunoni, na chini yake mifupa iliyoungana. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo. Nje mto huu ni mgumu kama kamba zilizosukwa, ndani ni laini kama uji mzito. Kazi yake ni kupokea uzito. Mtu akisimama wima, uzito unaukandamiza karibu sawasawa pande zote. Lakini akiinama na mgongo uliokunjika, akavuta kitu kizito, mto unabanwa upande wa mbele, na ule ulaini wa ndani unasukumwa kwenda nyuma. Ukipasua sehemu ya nje, unatokeza na kugusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ndiyo sababu mtu anaumwa mguu, ingawa mguu haukuguswa na kitu. Mara nyingi mito inayoharibika ni miwili ya chini kabisa, kwa kuwa hiyo inabeba uzito wa yote iliyo juu yake.

Tena kuna jambo la umbali. Ulijaribu mwenyewe nyumbani. Shika bidoni ndogo ya maji karibu na tumbo. Si kazi. Sasa nyosha mikono mbele, bidoni iwe mbali nawe. Utaona mgongo unakaza na mikono inatetemeka, na maji hayakuongezeka hata tone moja. Mtu anayeinua chuma kilicho mbali na miguu yake anafanya hivyo hivyo, lakini kwa kilo nyingi.

Mwili una werevu wake. Kama msuli mmoja umeshindwa, mwili hauachi mara moja. Unaomba msaada mahali pengine. Mtu anataka kukunja mikono na chuma ni kizito mno: anatupa mgongo nyuma ili chuma kipande. Analala chali kusukuma chuma juu: anakiangusha kifuani ili kiruke, na kuinua matako. Anachuchumaa na chuma mabegani: magoti yanaingia ndani. Rafiki zake wanapiga makofi, naye anafikiri mikono yake imepata nguvu. Si kweli. Mikono ilikopa, na mgongo au magoti yakalipa. Msuli aliotaka kuutia nguvu haukufanya hata kazi yake yote.

Hata mabingwa wa dunia walianguka katika kosa hili. Zamani katika michezo ya Olimpiki kulikuwa na shindano la kusukuma chuma kutoka mabegani mpaka juu ya kichwa kwa nguvu ya mikono tu, mtu akisimama wima. Kila mmoja alitaka kilo zaidi. Wakaanza kulegeza viuno na kulalia nyuma, mwaka kwa mwaka zaidi, hata waamuzi hawakuweza tena kupatana nani amefanya sawa na nani amekosa. Baada ya michezo ya Munich, mwaka 1972, shindano hilo liliondolewa.

Vijana wengi wanaumia baada ya miezi miwili mitatu, si siku ya kwanza. Sababu ni hii: misuli inapata nguvu upesi, lakini kano, yaani zile kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa, zinapata damu kidogo na kuimarika polepole. Kijana anajisikia kama simba, anaongeza chuma, na kano hazijawa tayari.

Sasa habari ya makopo ya simenti. Bidoni ya litre 20 iliyojaa maji ni kilo 20. Ukiijaza simenti iliyochanganywa na mchanga na mawe, inapita kilo 40. Jicho halioni tofauti hiyo. Tena upande mmoja unaweza kuwa mzito kuliko wa pili, na mgongo utapindika kila mara bila mtu kujua. Basi peleka makopo yako sokoni, uombe kupimiwa kwenye mizani, ukaandike kilo juu yake kwa rangi. Ni kazi ya saa moja.

Utajuaje kwamba uzito ni wako? Uinue mara 10. Kama mara ya kumi inafanana na ya kwanza, ni wako. Kama mgongo unajikunja, au unaanza kutupatupa mwili, uweke chini, hata kama umefika mara ya nne tu. Mwombe rafiki asimame kando, si mbele, kwa maana ni kando ndipo mgongo unapoonekana vizuri. Ukiinua kitu kutoka chini, kikaribie mpaka kiguse miguu, kunja magoti na nyonga, kaza tumbo, na miguu ndiyo isukume ardhi. Ukiongeza, ongeza kilo mbili au tatu, si kopo zima. Mwenye ugonjwa wa damu kupanda asizuie pumzi anapoinua. Na mtu asilale chali chini ya chuma akiwa peke yake. Chuma kikianguka shingoni hakuna atakayekiondoa.

(Kuna mama zetu wanaobeba mfuko wa kilo 50 kwa kamba ya kipaji cha uso, wakipanda mlima. Hao hawakuchagua kilo zao. Kijana anachagua.)

Kama mgongo umeuma baada ya kuinua, usikubali mtu aukanyage wala kuuvuta. Zamani waganga waliwaambia wagonjwa walale kitandani majuma mengi. Sasa tunajua ni afadhali kutembea kidogo kidogo. Watu wengi wanapata nafuu katika majuma machache. Lakini uje hospitalini siku ile ile, hata usiku, kama miguu imekosa nguvu, kama mahali unapokalia pamekufa ganzi, kama huwezi kukojoa au huwezi kuzuia choo. Uje pia kama uvimbe umetokea kinenani, ukawa mgumu na wenye maumivu, haurudi ndani ukilala, au unatapika. Hiyo ni ngiri iliyobanwa. Na kama mkojo umekuwa mweusi kama chai baada ya mazoezi makali, usikae nyumbani ukidhani ni malaria. Pengine misuli imevunjika, na uchafu wake unaharibu figo. Mwambie mganga kwamba uliinua vyuma, maana asipoambiwa atatafuta ugonjwa mwingine.

Yule kijana alipona bila kupasuliwa. Baada ya miezi minne alirudi kuuliza kama anaweza kuanza tena. Tulimpa fimbo ya chuma tupu, bila makopo. Kwanza alicheka. Mara ya nane mgongo wake ulianza kujikunja, akaiweka chini mwenyewe, kabla hatujasema neno.