Kolaji Husomwa Kwenye Maungio

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mbele ya kolaji dhahania hata mwenye macho huhitaji kuonyeshwa pa kuanzia. Msanii hupaka rangi ubaoni, akabandika gazeti lililochanwa, kipande cha gunia, kitenge kilichochakaa au gome la mti, akapaka tena, akakwangua, na mwishowe isionekane sura ya mtu wala ya mlima. Wahakiki wa kazi za namna hii aghalabu huwa makundi mawili. Kundi la kwanza hutaja malighafi na kusifu ubunifu wa kutumia kilichotupwa. La pili husifu ulinganifu wa rangi na mistari, kana kwamba gunia si gunia. Naamini yote mawili huishia nusu ya njia. Kolaji husomwa kwenye maungio, pale kipande kimoja kinapokutana na kingine, na mkazi wa Muhima, mtaa unaoteremka kutoka katikati ya Kigali kuelekea Nyabugogo, tayari ana sehemu kubwa ya maarifa ya kuisoma.

Mgawanyiko huu una historia. Mwaka 1912 Pablo Picasso alibandika kwenye mchoro wake kitambaa kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti, na mwaka huohuo Georges Braque akaanza kubandika karatasi za ukutani kwenye michoro yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mhakiki wa Marekani, Clement Greenberg, alieleza kwamba nguvu ya karatasi hizo ni kulifanya jicho liyumbe kati ya ubapa wa picha na kina chake. Hakujishughulisha na kilichoandikwa kwenye magazeti yaliyobandikwa. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Patricia Leighten aliyasoma magazeti hayo na kukuta humo habari za vita vya Balkani. Mmoja aliona umbo, mwingine akaona habari. Kila mmoja alisema kweli, ila kazi yenyewe iko pale habari ya vita inapokatwa kwa mkasi ili iwe ubavu wa chupa.

Kwetu Afrika Mashariki mizani imeelemea upande wa malighafi. Collin Sekajugo, msanii mwenye asili ya Uganda na Rwanda, alianzisha studio ya Ivuka mjini Kigali mwaka 2007. Mwaka 2022 yeye na Acaye Kerunen waliiwakilisha Uganda kwenye maonyesho makubwa ya Venice, na banda lao likapewa heshima ya kutajwa kipekee na waamuzi. Waamuzi hao walisifu jinsi Kerunen anavyotumia gome la mti na nyuzi za mwale kama mfano wa utunzaji endelevu kwa vitendo. Sifa hiyo ni ya haki, na tamko la waamuzi lazima liwe fupi. Tatizo huanza pale wahakiki wengine wanapoigeuza kuwa uhakiki mzima, kwa sababu malighafi ileile inaweza kuzaa kazi nzuri na kazi mbovu.

Tulitazame gome lenyewe kwa karibu. Nchini Rwanda vazi la gome la umuvumu liliitwa impuzu. Gome huambuliwa, hupigwa kwa nyundo ya mbao hadi likapanuka na kulainika, na palipotoboka hutiwa kiraka kwa sindano. Likiwekwa kwenye kolaji kando ya plastiki, kisha brashi moja ya buluu ikapita juu ya vyote viwili, upande wa gome rangi huzama na kufifia, upande wa plastiki huteleza na kujikusanya. Kwenye mpaka huo msanii huamua: aufiche kwa tabaka jingine, aushone mshono uonekane, au auache ukingo ulivyochanika? Uamuzi huo ndio hoja yake, na ndio unaompa mhakiki kitu cha kupima. Mtazamaji wa Muhima naye huona jambo ambalo mgeni anaweza kulipita. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, hivyo kipande cha mfuko huo kwenye turubai mjini Kigali ni kitu kilichokatazwa, kilichokaa bega kwa bega na vazi la mababu.

Wapo watakaosema kwamba sanaa isiyo na sura ni ya Ulaya na kwamba mwananchi haielewi. Imigongo inawajibu. Sanaa hiyo, ambayo masimulizi humhusisha nayo Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, mashariki mwa Rwanda, hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikainuliwa kuwa matuta ya pembe na mizunguko, kisha ikapakwa rangi. Haina sura ya mtu, na malighafi yake hutoka zizini. Ni kweli imigongo hufuata kanuni na kolaji huzivunja. Hata hivyo, jicho lililozoea kufuata tuta la imigongo si geni kwa ukingo wa gunia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kila kilichochanwa na kuungwa upya mjini Kigali kinasimulia Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na kutolisema hilo ni kukwepa. Historia hiyo haiwezi kutengwa na mji huu. Lakini mhakiki anayeingia na jibu mkononi hana tena sababu ya kutazama. Kama jeraha na kupona vimo, vitajidhihirisha kwenye mshono ulioachwa wazi, au kwenye tabaka linalofunika jingine bila kulimaliza. Kama havimo, msanii wa Kigali astahili uhuru aliopewa Braque, wa kushughulika na buluu kwa ajili ya buluu. Kwa hiyo uhakiki wa haki uanze na maswali mawili: vipande hivi vilikuwa nini kabla ya gundi, na vimekutanishwaje? La kwanza mkazi wa Muhima aweza kulijibu leo hii. Kazi ya mhakiki ni kumwuliza, kisha kusimama naye mbele ya ukingo na kulitafuta jibu la pili.