Askari wa Shaba na Mpagazi Asiye na Jina

Mpenzi msomaji, hata kama unakaa mbali huko Kiwalani, bila shaka umepata kumwona. Pale mjini, Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe, amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Alichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, akazinduliwa mwaka 1927, awe ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yasome yote: hutakuta jina la marehemu hata mmoja.

Kabla yake Wajerumani walikuwa na sanamu yao mjini humu, ya Gavana Wissmann: bwana juu, askari Mwafrika chini akimtazama. Huyu wa sasa angalau anasimama peke yake.

Lakini mpagazi je? Kariakoo unapokwenda kununua mboga, jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi, ambao Waingereza waliwaweka pale baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Basi chakula na risasi vikabebwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 90,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na uchovu.

Wala usidhani kwamba kuandika majina ilikuwa kazi isiyowezekana. Katika makaburi ya vita, Barabara ya Bagamoyo, yamechorwa majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi waliokufa vita hivyo hivyo na ambao makaburi yao hayajulikani. Wajapani nao, mjini Kobe, wana hekalu la shujaa Kusunoki Masashige, aliyekufa vitani mwaka 1336, na hadi leo anatajwa kwa jina. Babu zetu ni wa juzi tu!

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo iliomba radhi. Januari 2025 ilifungua ukumbusho mjini Cape Town kwa Waafrika wa kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika kazi za vita hivyo. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule, yenye jina lake na tarehe aliyokufa.